Mfalme Hatemi Miba

"Shati hilo sivai."

"Utalivaa."

"Kola inanikaba."

"Kola haina kosa, mzee. Kinachokukaba ni maneno. Umeyameza miaka na miaka, yamejazana hapo shingoni, kifungo kitafungaje?"

Fundi Redio alilitupa shati kitandani, akarudi kwenye kigoda chake katikati ya maredio yaliyopasuliwa matumbo, akashika bisibisi kama mtu aliyeitwa kazini na serikali nzima. Mkewe, Bi Kibano, alisimama mlangoni na gauni lake la kijani, viatu mkononi, uso umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Ilikuwa Jumapili, jua limeshapanda, na adhuhuri walitakiwa wawe wameketi mezani.

"Mimi sikukataa karamu," Fundi Redio aliiambia bisibisi. "Nimesema nenda na mtu mwingine."

"Niende mimi!"

Sauti hiyo ilitoka sebuleni. Alikuwa wifi, dada yake Fundi Redio, aliyefika tangu asubuhi na mapema eti kusaidia kupiga pasi, na mpaka saa ile pasi haijaonja moto. "Wifi, nichukue mimi. Shingo yangu haina neno hata moja, yote nimeshayasema. Nitakula mpaka kitambaa cha meza."

"Kaa hukohuko."

"Chakula cha wafalme, jamani! Huyu ndugu yangu mwachieni ndizi mbili na betri, zinamtosha."

"Wifi, nimesema kaa hukohuko."

Wifi akanyamaza, lakini kunyamaza kwake ni kule kwa mlango ulioachwa wazi. Ungeweza kuyasikia masikio yake yakirefuka. Bi Kibano akaingia ndani, akausukuma mlango kwa kisigino, akashusha sauti.

"Nisikilize. Kesho siamki kwenda kazini. Kesho kutwa vilevile, na mtondogoo, na siku zote Mungu alizotubakishia. Tutakuwa humu wawili tangu jua linatoka mpaka linazama. Lile jambo letu utalisema au hutalisema?"

"Jambo gani?"

"Unalijua."

Bisibisi ilizunguka hewani, skrubu hakuna.

"Kule tunakokwenda hakuna redio ya kuwasha," alisema Bi Kibano. "Ndiyo maana nakutaka wewe. Vaa shati."

Fundi Redio aliiweka bisibisi chini. Halafu akanyoosha mkono kitandani akalichukua shati, akaanza kufunga vifungo kuanzia chini, polepole, kama mtu anayejifunga mwenyewe kamba.

Bi Kibano hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata jikoni, katika mgahawa wa vyakula vya kifalme vya Kithai uliokuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la vioo. Mgahawa huo ulikuwa wa watu wazito, wazito kiasi kwamba hata nzi walikuwa wakifika mlangoni wanatazamana, wanajiona walivyovaa, wanageuza. Mwenye jiko alikuwa mwanamke mfupi wa Kithai, mwembamba kama njiti ya kibiriti na mkali kama kichwa chake. Wote walimwita Bibi Mpishi. Yeye alisema bibi yake mzaa mama alikuwa mtumishi katika jiko la kasri huko kwao, na alivyokuwa akilisimulia jambo hilo ungedhani huyo bibi ndiye aliyemnyonyesha mfalme.

Sheria ya jiko lile ilikuwa moja, nyingine zote ni watoto wake: mezani kwa mfalme hakiendi kitu chenye mfupa, wala mwiba, wala kokwa, wala ganda. Ukiuliza kwa nini, Bibi Mpishi anakujibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja: "Mfalme hatemi." Basi. Mimi na wewe tukikutana na mbegu tunaitema, tukikutana na mwiba tunauchomoa kwa vidole tunaendelea na hadithi. Mfalme akitema mbele za watu, ufalme umeanguka pale pale pamoja na mate. Kwa hiyo lazima mtu mwingine awe ameshamtolea kila kitu kabla, mahali asipoonekana.

Mtu huyo alikuwa Bi Kibano. Meza yake ilikuwa ya bati jeupe, chini ya taa kali, karibu na mlango wa nyuma. Mkono wa kulia ana kibano cha chuma, mkono wa kushoto unapapasa. Samaki walipita kwake wakatoka hawana mwiba hata ule mwembamba kama unywele wa mtoto. Zabibu alizichana kwa sindano, akazitoa mbegu, akazifunga tena, na zabibu yenyewe haijui kama ilipasuliwa. Wenzake jikoni walikuwa wakisema Bi Kibano akikukazia macho kwa muda unahisi mbavu zinaanza kulegea, na kwamba kuna mpishi mmoja alimtania sana, akaenda nyumbani akakuta amepungukiwa na mfupa wa kidole gumba. Uongo, lakini huyo mpishi kweli alikuwa akishika kisu vibaya.

Kazi ikikuingia kwenye vidole haibaki kazini. Bi Kibano alirudi nayo nyumbani kama watu wanavyorudi na harufu ya moshi. Na nyumbani kulikuwa na mtoto. Mmoja tu, wa kiume, waliyempata baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kuwaombea. Jioni Bi Kibano alikuwa akikaa naye chini ya taa, anamtolea samaki miba, kuku mifupa, chungwa mbegu, mpaka maharage anayamenya maganda. Fundi Redio alikuwa akiacha kazi yake anawatazama, anacheka.

"Mwanao huyu akikutana na samaki njiani watapishana bila kusalimiana," alikuwa akisema. "Hawajuani."

Wakacheka wote watatu. Siku hizo ilikuwa nyumba ya kucheka.

Mtoto akakua, akarefuka mpaka akawa anainama mlangoni, ndevu zikaanza kuchomoza, na bado samaki kwake ni kitu laini kama mkate. Akamaliza shule. Kulikuwa na chuo cha ufundi hapo hapo karibu, na kulikuwa na kingine mji wa mbali, kando ya ziwa, chenye sifa kubwa. Mama akasema abaki. Baba akasema aende. "Mwachie mtoto akue," alisema Fundi Redio, "hawezi kukaa chini ya aproni yako mpaka aote mvi." Wakabishana wiki nzima, na baba akashinda, maana ada ilikuwa ikitoka kwake.

Hata mwezi haukuisha. Wenzake chuoni walinunua samaki wa kukaanga kando ya maji, wakamkaribisha. Kila mtu akachukua wake mzima. Yule kijana akachukua wake, akauma katikati kama alivyozoea kuuma chakula cha mama yake, akatafuna mara moja, akameza. Mwiba ukakaa kooni. Wenzake wakafanya linalofanywa na watu wote: wakamwambia ameze tonge kavu la wali, liusukume. Akameza moja, akameza jingine, akaona aibu kulia mbele ya wenzake, akameza na la tatu. Ulishuka kweli, lakini ulishuka ukichana. Shingo ikavimba, homa ikapanda, na walipompeleka hospitali sumu ilikuwa imeshaingia kifuani. Wazazi walipofika hakuwa akiweza kusema. Alimshika mama yake mkono akawa anaminya vidole vyake kimoja kimoja, kana kwamba anatafuta kitu ndani yake. Akafa jioni ya pili.

Msibani watu walisema yanayosemwa. Fundi Redio alipoulizwa alijibu, "Kazi ya Mungu haina makosa," na kila aliyekuja alimjibu hivyo hivyo, sauti ileile, kama redio iliyokwama kwenye kituo kimoja. Wifi peke yake ndiye alishindwa kuuzuia mdomo. Bi Kibano alimsikia nyuma ya pazia akiwanong'oneza wanawake: "Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Hawa wenzetu hawakumkunja, walimtoa miba."

Baada ya hapo watu waliokuwa wakiwaita kwa jina la mtoto wakaliacha taratibu, wasiwatoneshe, wakawa wanawaita kwa kazi zao. Fundi Redio. Bi Kibano. Na ndani ya nyumba mume na mke wakabaki na adabu. Adabu tupu. Samahani, nipishe, chai tayari, ahsante. Fundi Redio hakuwahi kunyanyua sauti, hakuwahi kumnyima mkewe kitu, hakuwahi kutamka jambo lile. Kitu kimoja tu kilibadilika. Siku ya samaki, Bi Kibano akivuta sahani ya mumewe kama zamani amtolee, Fundi Redio alikuwa akiirudisha kwa kidole.

"Niachie na miba yake."

Halafu anakula taratibu, anautoa kila mwiba mdomoni, anauweka ukingoni mwa sahani, na mwingine, na mwingine, imelala kwa mstari. Na redio zote zinaongea.

Miaka ikaenda hivyo. Juzi juzi macho ya Bi Kibano yakaanza kuingiwa na ukungu. Mtoto wa jicho, alisema daktari, wa pande zote mbili. Akafanyiwa upasuaji wa moja na halikurudi sawasawa, la pili akaogopa. Akawa anafanya kazi kwa vidole, na vidole vilimsitiri muda mrefu, mpaka siku Bibi Mpishi alipomwita kando na sahani nyeupe, tupu. "Gusa," akamwambia. Bi Kibano akagusa, akauhisi mwiba uliokuwa pale katikati na yeye hajauona. Bibi Mpishi hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

Mgahawa ule ulikuwa na desturi, nayo ilitoka kasrini kama kila kitu kingine. Mtumishi anayeondoka hapewi saa ya ukutani wala hotuba. Analishwa. Anaingia kwa mlango wa mbele, anaketishwa dirishani, anaandaliwa chakula kizima cha kifalme tangu mwanzo mpaka mwisho, yeye na mgeni wake mmoja. Mmoja tu. Ndiyo karamu iliyomfanya Fundi Redio avae shati.

Walipanda lifti yenye vioo pande zote, Fundi Redio akijiona wengi na hamtaki hata mmoja. Mlangoni wakapokelewa na mhudumu, kijana mrefu mwenye fulana nyeusi ya shingo ndefu, akainama mpaka karibu aguse viatu vyake.

"Karibu sana, madam. Karibu, mzee."

"Madam nani?" alisema Bi Kibano. "Si juzi tu ulinikanyaga ukaniambia nihamishe miguu yangu?"

"Hiyo ilikuwa nyuma, Bi Kibano," alinong'ona mhudumu bila kunyanyuka. "Hapa ni mbele. Usiniharibie, Bibi Mpishi anachungulia."

Wakaketi. Chini ya dirisha mji ulikuwa umelala na mabati yake, magari madogo kama punje za mchele. Meza ya jirani walikaa mume na mke vijana, hawali, wanapiga picha kila kijiko. Katikati ya meza yao wenyewe kulikuwa na tikiti maji lililochongwa likawa ua, petali juu ya petali, zimekonda mpaka mwanga unapita. Fundi Redio alilitazama kwa muda.

"Nani alikuwa na muda huu?"

"Wako watu wawili. Kazi yao hiyo tu."

"Na likishachongwa wanalila?"

"Haliliwi. Linatazamwa."

"Hm," alisema Fundi Redio.

Vikaja vitumbua vidogo vya zambarau, vimefinywa kwa kibano kama cha Bi Kibano vikawa maua, ndani mna nyama ya kuku tamutamu. Vikaja vipande vya nanasi vilivyobeba vidonge vya nyama na karanga, na mhudumu akatangaza kwa sauti ya mbele kwamba chakula hiki kwao kinaitwa farasi wanaokimbia.

"Farasi wako wapi?" aliuliza Fundi Redio.

"Ni jina tu, mzee."

"Basi wamekimbia kweli."

Bi Kibano akacheka, na kicheko kikamshtua mwenyewe, maana kilitoka kama cha zamani. Akamtazama mumewe kuona kama naye amekisikia. Fundi Redio alikuwa akikitazama kijiko.

Ukaja wali ndani ya maji baridi yaliyolazwa na maua ya asmini, vipande vya barafu vinaelea juu, na pembeni visahani vidogo vya vitu vya kuuma kidogo kidogo. Bi Kibano alikuwa akiuona ukipita kila mwaka wakati wa joto. Hata siku moja hakuwahi kuunusa akiwa amekaa.

"Wali kwenye maji," alisema Fundi Redio. "Kwetu hii ni sufuria iliyolowekwa."

"Onja."

Akaonja. Nyusi zikapanda zenyewe, akazishusha. "Una harufu ya bibi harusi," alisema, na akaendelea kuunywa, kijiko baada ya kijiko.

Lakini Bi Kibano alikuwa hali. Yaani alikuwa akila, na hakuna kilichompitia. Kila tonge likifika mdomoni ulimi wake ulikuwa unaligeuza, unalipapasa, juu, chini, pembeni, unatafuta. Alijaribu kuukataza. Haukusikia. Utamu ulikuwepo, chumvi ilikuwepo, ukakasi na ukali vimekaa mahali pake kama wageni wa heshima, naye anapita katikati yao kama askari anayepekua mifuko. Nusu ya karamu ilikwisha hivyo, na jambo alilomletea mumewe ghorofani liko pale pale. Akajipiga moyo konde aseme, na mhudumu akaja kutoa sahani. Akajipiga tena, wakaletewa mchuzi wa nazi wenye nyama laini isiyo na mshipa hata mmoja. Moyo wenyewe ukachoka kupigwa.

Ndipo akaletwa samaki.

Alikuja mzima juu ya jani la ndizi, ana kichwa, ana mkia, magamba yamepangwa upya kwa vipande vya tango, jicho linang'aa. Ungeapa anahema. Huyo ndiye aliyekuwa fahari ya jiko: ametolewa mifupa yote kwa kupitia mdomoni, akajazwa nyama yake mwenyewe, akarudishwa umbo. Mhudumu alisema Bibi Mpishi amemfanya kwa mkono wake mwenyewe leo, hakumwachia mtu. Akainama, akaenda.

Fundi Redio aliweka kijiko chini.

"Huyu sili."

"Kwa nini?"

"Nimeshiba."

"Hukushiba. Kwa nini?"

"Basi sijisikii, mke wangu. Kula wewe."

"Mzee," alisema Bi Kibano. Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa cha meza na vidole vimeanza kupapasa mshono. "Nyumbani unaniambia nikuachie miba. Unakula, unaitoa, unaipanga ukingoni mwa sahani mmoja mmoja. Macho yangu mabovu, lakini ile naiona. Naiona hata nikifumba. Unanipangia mimi."

"Naipanga kwa sababu lazima ikae mahali."

"Usiniambie hivyo."

"Unataka nikuambie nini? Hapa mbele za watu?"

"Watu gani? Wale wanapiga picha karanga. Sema."

Fundi Redio akaangalia dirishani, akaangalia mlango wa lifti, akaangalia pembeni yake chini, pale ambapo nyumbani huwa pana swichi ya redio. Hakikuwepo kitu. Meza ya jirani yule mwanamke kijana alimwambia mumewe asogeze glasi, inaharibu picha.

"Unanilaumu kwa mtoto?" aliuliza Bi Kibano.

Barafu kwenye bakuli la wali ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

"Ndiyo," alisema Fundi Redio.

Bi Kibano alikuwa amejiandaa miaka yote hiyo. Alijiandaa kwa hapana, na jinsi ya kutoiamini. Alijiandaa kwa kazi ya Mungu. Alijiandaa mumewe asimame aondoke, na kwa ndiyo pia alijiandaa, ila alidhani itakuja na kelele, na sahani kuvunjika, na yeye angepata mahali pa kulilia. Ilikuja chini chini, kama mtu anayekuambia nje kunanyesha.

"Kila siku?"

"Si kila siku. Kuna siku napata redio ngumu, nasahau mpaka jioni."

"Unanichukia."

"Ningekuchukia ningekuwa nalala." Alikuwa amefungua kifungo cha kola na mkono umebaki palepale shingoni. "Nikifumba macho nakuona umekaa naye chini ya taa. Ulikuwa unainama hivi, unauma mdomo. Nilikuwa naacha kazi za watu ili nikutazame. Hakuna kitu nilikipenda kama kile. Na ndicho hicho hicho ninachokulaumia. Vinakuja pamoja, siwezi kuvitenganisha. Nimejaribu, mke wangu. Mimi ni fundi, nimejaribu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ili iweje?"

Watu husema neno likishatoka roho hutulia. Hao ni watu ambao hawajawahi kuambiwa. Bi Kibano alikaa na lile neno, akalihisi likitulia mahali pake ndani, gumu, na akajua kwamba halitoki tena, kesho atakuwa nalo, na atalipikia chai. Machozi hayakuja. Kilichopanda ni kitu kingine, kutoka chini sana, kitu ambacho alikuwa amekikalia yeye mwenyewe muda wote alipokuwa akimwona mumewe ndiye mwenye kuficha.

"Na wewe ndiye uliyempeleka," alisema.

"Najua."

"Nilisema abaki."

"Najua."

"Chuo kilikuwepo hapa, ukitema mate yanafika. Angekuja kula nyumbani."

"Angekuja kula nyumbani mpaka lini?"

"Mpaka leo!" Yule mwanamke wa meza ya jirani akageuka. Bi Kibano hakumwona. "Mpaka leo angekuwa anakula, mzee! Angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe. Mimi ningekuja naye yeye, wewe ungebaki na maredio yako. Unanilaumu mimi nilimtoa miba. Sawa. Nilimtoa. Wewe ulimtoa nyumbani."

"Najua, mke wangu."

"Hujui!"

"Najua. Unadhani ile miba nakupangia wewe peke yako?"

Bi Kibano akamtazama. Kwa ukungu wa macho yake uso wa mumewe ulikuwa umetandaa kama picha iliyolowa, pua haijulikani mdomo haujulikani, ila aliona unatetemeka. Ungekuwa uso wa mtu mwingine angeuhurumia. Labda hata huu angeuhurumia, kesho au mtondogoo. Kwa sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Hujui," alirudia, polepole sasa. "Kituoni, siku anaondoka, nilishika sanduku upande mmoja, wewe umeshika upande wa pili, tunavutana mbele za watu kama watoto, na yeye katikati anatuonea haya. Mimi nikasema basi angalau wiki moja, nimfundishe hata kula, na wewe ukalivuta ukasema..."

Mlango wa jikoni ukasukumwa kwa bega. Bibi Mpishi akaingia na aproni safi, viganja vimekutanishwa kifuani, tabasamu ambalo jikoni halijawahi kuonekana limemjaa usoni, na nyuma yake wapishi, wachongaji na waosha vyombo wamejipanga mstari, kila mmoja amevua kofia. Wakaanza kupiga makofi. Meza ya jirani nayo ikapiga makofi, bila kujua ni ya nini, na simu zikainuliwa.

Fundi Redio akafunga haraka kifungo cha kola.

Bibi Mpishi akafika mezani, akamtazama samaki ambaye hakuguswa, akamtazama Bi Kibano. "Samaki," aliuliza, "hapana mzuri?"

Bi Kibano akafuta midomo kwa kitambaa, akasukuma kiti nyuma, akasimama, kwa sababu hajawahi kukaa mbele ya Bibi Mpishi hata siku moja.